Bia, Tamthilia na Lugha: Historia Fupi ya Mji wa Milwaukee

Wanafunzi wetu wa isimujamii huuliza mara kwa mara: je, lugha inaweza kutoweka katika mji ambao wenye lugha hiyo ndio matajiri? Makala haya yanautazama mji wa Milwaukee, ulioko kando ya Ziwa Michigan katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Katika karne ya 19 Wajerumani wa mji huo walikuwa na viwanda, magazeti, shule na kumbi zao wenyewe. Leo Kijerumani hukisikii mtaani.

Tuanze na bia, maana fedha nyingi zilitoka huko. Mwaka 1844 Jacob Best na wanawe walifungua kiwanda cha bia. Mwaka 1862 mjukuu wake Maria aliolewa na Frederick Pabst, nahodha wa meli za ziwani aliyezaliwa Ujerumani. Nahodha akaacha meli, akaingia kiwandani, na kufikia mwaka 1889 kiwanda kizima kikaitwa kwa jina lake. Joseph Schlitz naye alikuwa karani wa hesabu katika kiwanda cha August Krug. Krug alipofariki, karani alishika uendeshaji, kisha akamwoa mjane. (Ndoa, kama msomaji anavyoona, ilikuwa tawi la biashara.) Chicago ilipoungua mwaka 1871, Schlitz alipeleka bia huko na kujipatia soko kubwa.

Si kila kitu kilikuwa pombe. Pikipiki za Harley-Davidson zilianza hapo mwaka 1903. Tena, sisi tunaochapa mitihani ya Kiswahili kila muhula tuna deni kwa mji huu: Christopher Latham Sholes na wenzake waliandikisha taipureta yao mwaka 1868 wakiwa Milwaukee, na mpangilio wa herufi za kompyuta zetu unatokana na kazi yake.

Fedha za biashara ziligeuka kuwa majengo ya utamaduni. Frederick Layton, Mwingereza aliyetajirika kwa biashara ya nyama, aliupa mji jumba la sanaa mwaka 1888. Pabst alinunua jumba la opera mwaka 1890 na kulifanya ukumbi wa tamthilia za Kijerumani. Januari 1895 liliteketea kwa moto. Pabst aliagiza lijengwe upya mara moja, na kabla ya mwaka kwisha ukumbi mpya, uliobuniwa na Otto Strack, ulifunguliwa, waigizaji wakaendelea kwa Kijerumani kama kwamba hakuna kilichotokea.

Makumbusho ya mji yana asili ya kutufurahisha sisi walimu, kwani yalianzia shuleni. Peter Engelmann, mkuu wa shule ya Kijerumani na Kiingereza iliyoanzishwa mwaka 1851, alikusanya viumbe na mawe pamoja na wanafunzi wake. Mkusanyiko huo ndio uliozaa makumbusho ya umma mwaka 1882. Hapo ndipo Carl Akeley alipotengeneza, mwaka 1890, onyesho maarufu la panya wa majini katika mazingira yao. Ni Akeley huyuhuyu aliyekuja baadaye katika milima ya Virunga, jirani zetu, akahimiza kuanzishwa kwa hifadhi ya sokwe mwaka 1925, na akafariki na kuzikwa huko mwaka 1926.

Turudi kwenye lugha. Mwaka 1889 jimbo lilipitisha sheria ya kulazimisha Kiingereza kutumika kufundishia masomo ya msingi, hata katika shule za binafsi. Walutheri na Wakatoliki wa Kijerumani waliungana kuipinga, gavana akashindwa katika uchaguzi wa 1890, na sheria ikafutwa mwaka 1891. Wajerumani walikuwa na nguvu kiasi hicho!

Vita vya Kwanza vya Dunia vilifanya lile ambalo sheria haikuweza. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, Kijerumani kikawa lugha ya adui, na ufundishaji wake shuleni ukaporomoka. Jengo la Germania, makao ya mchapishaji mkubwa wa magazeti ya Kijerumani, lilibadilishwa jina mwaka 1918. Kisha marufuku ya pombe, 1920 hadi 1933, ikawapiga wenye viwanda. Pabst walifikia kuuza jibini. Kwa maoni yangu pigo la shuleni ndilo lililokuwa kubwa zaidi, kwani viwanda vilirudi kutengeneza bia, lakini watoto waliokosa lugha darasani hawakuwa na cha kuwarithisha wao.

Kiwanda cha Schlitz mjini humo kilifungwa mwaka 1981, cha Pabst mwaka 1996. Ukumbi wa Pabst ungali wazi, ila maonyesho ni ya Kiingereza. Kijerumani kimepata mlango mwingine: tangu mwaka 1977 mji una shule ya msingi ya umma ambayo watoto wa asili mbalimbali hufundishwa masomo kwa Kijerumani.