Kivuko na Makumbusho: Chombo Kilichostaafu kama Hazina ya Lugha



Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alilifungua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa takriban kilometa 3, linalounganisha Kigongo wilayani Misungwi na Busisi wilayani Sengerema. Kabla ya hapo, msafiri aliyetoka Shinyanga kwa barabara ya Mwanza, akakunja Usagara kuelekea machimbo ya dhahabu ya Geita, hakuwa na budi kuvuka Ghuba ya Mwanza kwa kivuko. Aliyewahi kusubiri zamu yake akiwa na mgonjwa garini hatazililia siku hizo. Hata hivyo, mwanafunzi wa historia ya lugha ana swali lake: chombo kinapoachishwa kazi, maneno yake huenda wapi?

Tuanze na neno lenyewe. Kutokana na kitenzi vuka tumepata kivuko, nomino inayobeba maana mbili: mahali pa kuvukia na chombo cha kuvushia. Busisi palikuwa kivuko kwa maana zote mbili. Daraja limeiacha maana ya kwanza na kuidhoofisha ya pili. Mtoto atakayekulia Geita sasa huenda akalijua neno hilo kwanza kwa michirizi myeupe ya barabarani wanapovukia waendao kwa miguu. Hilo si kosa. Ndivyo lugha inavyoishi. Lakini maana inayoondoka bila kuwekewa alama huwaachia wajao maandishi wasiyoweza kuyaona kwa macho ya akili.

Mfano ulio dhahiri zaidi ni methali isemayo, "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Methali hii ya pwani hufundishwa hata katika shule zilizo mbali na bahari. Mwanafunzi huambiwa kwamba mtu, hata azunguke vipi, hurudi kwao. Jibu hilo humpatia alama, ilhali hajui kwamba omo ni sehemu ya mbele ya chombo, tezi ni ya nyuma, na ngama ni pale chini ndani yanapokusanyika maji. Amepewa maana bila taswira, na methali isiyo na taswira ni agizo tu.

Je, chombo chenyewe kinaweza kuwa mwalimu? Unguja ilikwishajaribu. Mwaka 2003 mafundi waliunda upya mtepe, chombo cha kale kilichoshonwa kwa kamba badala ya kupigwa misumari, nao ukawekwa katika makumbusho ya Beit al-Ajaib. Faida yake haikuwa umbo peke yake. Kuunda upya ni kuuliza upya: kila kiungo hudai jina, na kila jina hudai mzee anayelikumbuka.

Bara nako kuna meli iliyo historia nzima. Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikavunjwa vipande vilivyosafirishwa kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Mto Malagarasi, baada ya mafundi kuzipaka injini grisi ili zisiharibike. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, nayo ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Mwaka uliofuata, tawi la reli ile ile, kutoka Tabora kupitia Shinyanga, lilifika Mwanza. Hivyo mzigo wa Usukuma, uliokuwa ukitegemea meli za ziwani na reli ya Kisumu ili kufika pwani, ukapata njia ya pili. Historia ya Shinyanga, japo ni nchi kavu, haiandikiki bila vyombo vya majini.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kivuko kimojawapo cha aina ile, kitakapostaafu, kisikatwe kuwa chuma chakavu, bali kipandishwe nchi kavu karibu na Busisi. Humo zikusanywe sauti za manahodha, mafundi wa injini, makuli na mama lishe wa gatini, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, kila neno likiwa karibu na kitu chake. Wala makumbusho hayo yasiwe ya sifa tupu. Yawataje pia waliopotea majini: wa MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, na wa MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018.

Sarufi yetu inatuelekeza huko. Vuka huzaa vusha. Kumbuka huzaa kumbusha, na humo ndimo lilimotoka neno makumbusho. Kumbukumbu, kama abiria, haivuki peke yake; huhitaji wa kuivusha. Wanaoyajua maneno ya gati la Busisi wangali hai, na kazi ya kuwasikiliza ni yetu.