Mwaka wa Kutolewa na Mwaka wa Kutumika: Kadi za Michoro za Kompyuta Zikitazamwa kutoka Namasakata, Ruvuma

Historia ya kadi ya michoro, yaani kifaa kinachoandaa picha ndani ya kompyuta na kuipeleka kwenye skrini, huandikwa kwa kufuata miaka ambayo kila kadi ilitoka kiwandani. Kwa mpangilio huo, kadi ya zamani ni dhaifu, ya sasa ina nguvu, na msomaji hupanda ngazi moja baada ya nyingine. Makala hii inadai kwamba mpangilio huo hautoshi kueleza yaliyotokea Tanzania, hasa katika maeneo yaliyo mbali na bandari na gridi ya umeme kama Namasakata, mkoani Ruvuma. Huko umri wa kadi hauamui thamani yake. Kinachoamua ni vipimo ambavyo maandishi ya matangazo huvitaja kwa haraka au huviacha kabisa: wati, kasi ya kupitisha data na umbo la tundu la skrini.

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka tisa baadaye, mwaka 1974, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni Tanzania Bara. Watafiti wengi wameijadili amri hiyo kama sura ya historia ya utawala na fedha za kigeni. Upande wake wa skrini haujatazamwa sana, nao ndio unaohusu mada hii. Kadi ya CGA, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1981, ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 16 na ilionyesha rangi nne kwa wakati mmoja katika picha ya pikseli 320 kwa 200. Ilikuwa pia na tundu la kuiunganisha na televisheni ya kawaida, kwa ajili ya mtu asiyemudu skrini maalumu. Kwa mkazi wa Bara njia hiyo rahisi ilikuwa imefungwa pande zote mbili, kwa kuwa kompyuta ilihitaji kibali na televisheni haikuwepo. Zanzibar, kwa upande wake, ilikuwa imeanza kurusha matangazo ya televisheni ya rangi tangu mwaka 1973. Vituo vya televisheni vya Bara vilianza kurusha matangazo mwaka 1994 tu.

Masharti yalilegezwa hatua kwa hatua kadiri uchumi ulivyofunguliwa baada ya mwaka 1986. Kizazi cha CGA, kwa hiyo, karibu hakina historia ya matumizi katika sehemu kubwa ya nchi. Kompyuta zilipoanza kuenea maofisini na vyuoni, kipimo cha kawaida kilikuwa tayari VGA ya mwaka 1987, yenye kilobaiti 256 na pikseli 640 kwa 480 katika rangi 16. Kadi za picha za pande tatu za miaka ya 1990, pamoja na GeForce 256 ya mwaka 1999 ambayo NVIDIA iliitangaza kuwa kichakataji cha kwanza cha michoro cha aina yake, ni muhimu sana katika historia ya michezo ya kompyuta. Katika ofisi iliyochapa barua na hesabu hazikuwa na kazi kubwa.

Ulinganisho wenye mafunzo zaidi unapatikana kati ya kadi mbili zilizotengana kwa takribani miaka kumi. GeForce 8800 GTX ilitoka mwishoni mwa mwaka 2006 ikiwa na vichakataji vidogo 128 na kumbukumbu ya megabaiti 768. GeForce GT 710 iliingia madukani mwaka 2016 ikiwa na vichakataji 192, na matoleo yake mengi yalibeba gigabaiti 2. Anayesoma namba hizo tu atasema kadi mpya inaishinda ya zamani zaidi ya mara mbili kwa kumbukumbu. Lakini kumbukumbu ni ghala, na ghala hupimwa pia kwa upana wa mlango wake. Kadi ya mwaka 2006 hupitisha gigabaiti 86.4 kwa sekunde, ilhali GT 710 yenye kumbukumbu ya aina ya DDR3 hupitisha 14.4, yaani moja ya sita. Hata hesabu ya vichakataji hailingani moja kwa moja, kwa sababu muundo wake ulibadilika kati ya vizazi hivyo viwili. Mnunuzi anayeambiwa "gigabaiti mbili" hajadanganywa, ila ameambiwa kipimo kisichojibu swali lake. Akikusudia kuhariri video, hasara ni yake, na fedha ikishatoka hairudi.

Hata hivyo ingekuwa kosa kuhitimisha kwamba kadi ya mwaka 2006 ndiyo bora. Ilitumia takribani wati 150 na kuhitaji nyaya mbili za ziada za umeme. GT 710 hutumia wati 19, hupata umeme wake wote kutoka kwenye sloti, na baadhi ya matoleo yake hayana feni ya kuziba vumbi. Hapa ndipo jiografia inapoingia. Songea yenyewe iliendeshwa na jenereta za dizeli hadi njia ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako ilipokamilika mwaka 2018, na vijijini umeme wa jua umekuwa tegemeo la kaya nyingi. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa saa-ampea 100 hubeba saa-wati 1,200. Ikiwa ni ya risasi na asidi, ni busara kutumia nusu tu, yaani 600. Kadi ya wati 150 ingeimaliza nusu hiyo kwa saa nne, bila kuhesabu skrini wala kompyuta yenyewe. GeForce RTX 4090 ya mwaka 2022, yenye gigabaiti 24 (zaidi ya mara milioni moja na nusu ya kumbukumbu ya CGA), hutumia hadi wati 450. Ingeimaliza kwa saa moja na dakika ishirini.

Kwa kipimo hicho, kadi iliyoleta mabadiliko makubwa zaidi kwa mtumiaji wa Namasakata ni GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, ingawa haikuwahi kuwa kinara wa soko. Ina gigabaiti 4, hupitisha gigabaiti 112 kwa sekunde, na haivuki wati 75, kiwango kilekile ambacho sloti ya PCI Express inaruhusiwa kutoa bila waya wa ziada. Kwa hiyo inaweza kuingia katika kompyuta ya ofisi iliyotumika, yenye nafasi ya kutosha ndani, bila kubadilishiwa mfumo wa umeme. Nguvu iliyozidi ile ya kinara wa mwaka 2006 ilipatikana kwa nusu ya umeme wake.

Ilikuja na gharama yake. Kizazi hicho cha NVIDIA kiliacha kutoa mawimbi ya analogi, na tundu la VGA lenye pini 15, lililodumu tangu mwaka 1987, halikuwa na nafasi tena kwenye kadi. Skrini za zamani na projekta zilizokuwa bado zikifanya kazi katika madarasa hazikuweza kuunganishwa nayo bila kifaa cha kubadilisha mawimbi. Mwaka huohuo wa 2016 ndio pia uliotoka programu endeshi za mwisho za 8800 GTX, na kadi iliyokuwa nzima kabisa ikabaki bila marekebisho mapya ya usalama. GT 710, dhaifu kuliko zote mbili, iliendelea kuwa na tundu la VGA katika matoleo yake mengi.