Mtu Aliyeikimbiza Treni

Nilikulia Dodoma, na anayeujua upepo wa kule mwezi wa saba anajua kwamba kuendesha baiskeli si mchezo. Kila asubuhi kaka yangu alitangulia, mimi nikafuata gurudumu lake kwa karibu. Tukifika shuleni yeye kalowa jasho, mimi bado nina pumzi za kupiga domo. Nikajiona nina mapafu kumzidi.

Nilikuja kuelewa ukubwani, niliposoma habari za Charles Murphy, mwendesha baiskeli wa Brooklyn, Marekani. Jamaa huyu alidai kwamba akikingwa upepo, hakuna treni itakayomwacha. Watu wakamcheka. Kampuni ya reli ya Long Island ikakubali kumjaribu: mbao zikatandikwa katikati ya reli, na nyuma ya behewa la mwisho kikajengwa kikinga upepo. Tarehe 30 Juni 1899 Murphy akajibanza humo, akamaliza maili moja kwa sekunde 57.8. Ni kama kilomita 100 kwa saa, kwa miguu yake mwenyewe!

Kwa miguu yake? Ndiyo na hapana. Anayekwenda kasi kwenye tambarare hapigani sana na barabara, anapigana na hewa. Ukiongeza mwendo mara mbili, ukinzani wa hewa unapanda mara nne, na nguvu unayotakiwa kutoa inafika mara nane. Aliye mbele anaipasua hewa hiyo, na wewe unapita palipotulia. Hata nyuma ya baiskeli moja tu, unaweza kuokoa karibu theluthi ya nguvu zako.

Wenye mbio wa enzi zile walilijua hilo vizuri. Bingwa alitanguliwa na baiskeli za watu wawili, watatu, hata wanne, wakipokezana kumkatia upepo. Rekodi iliandikwa jina moja.

Murphy naye hakumaliza peke yake. Waliosimama nyuma ya behewa walimdaka, yeye na baiskeli yake, wakamvutia ndani. Bila mikono ile, huenda tungekuwa tunasoma habari za msiba.

Wiki iliyopita nilimpigia kaka simu, nikamuuliza kama alijua siku zile kwamba nilikuwa nambebesha upepo wangu.

Akacheka. "Nilijua, bwana. Wewe ulikuwa mdogo. Sasa nani mwingine angekaa mbele?"