Kutia Ufunguo Saa Isiyo na Ufunguo

Mtu akiishika saa ya mkononi ya zamani, akakizungusha kile kifundo cha pembeni mpaka kikakaza, husema ametia saa ufunguo. Ukimwomba akuonyeshe huo ufunguo, hana. Wala saa yenyewe haina tundu la kuuingizia. Msemo huu umebaki kinywani tangu zama za saa za mfukoni, ambazo mwenye nazo alilazimika kutembea na kijifunguo kidogo, mara nyingi kimefungwa kwenye mnyororo uleule wa saa. Katika miaka ya 1840 Mfaransa Adrien Philippe alibuni njia ya kuijaza saa kwa kuzungusha kifundo chake, na taratibu ufunguo ukaachwa. Mafundi wa Ulaya waliuacha. Kiswahili hakikuuacha.

Nimeanza na msemo huo kwa sababu ndio ulionivuta kwenye meza ya fundi saa mmoja hapa Makanyagio, Mpanda. Nilikwenda kama mwalimu mstaafu wa Kiswahili mwenye daftari, si kama mpenzi wa saa. Leo, pamoja na fundi huyo na kijana mchora vibao niliyepata kumfundisha, tunafufua saa kuukuu ambazo wenyewe walikwisha kuzitupa kwenye makopo ya misumari. Fundi hufungua na kusafisha, kijana hushughulika na nyuso zilizofutika, nami huandika kila neno linalotamkwa. Kazi hiyo imenifundisha kwamba kufungua saa ya kale ni sawa na kuchimba udongo wa lugha: kila tabaka lina wageni wake.

Tabaka la juu, yaani uso, ni la Kiarabu. Saa, dakika na nukta vyote vimetoka huko. Hata akrabu, lile neno la kale la mshale wa saa, asili yake ni nge; Waarabu waliuona mkono wa saa kama mkia wa mdudu huyo. Ukifungua mfuniko wa nyuma ukaingia ndani, unakutana na Bara Hindi. Utepe wa chuma uliojiviringisha, unaohifadhi nguvu yote ya saa, fundi wetu huuita kamani, na kamusi zetu zinalitambua neno hilo. Kwa Kihindi kamani ni springi. Na nyuma yake kuna neno la Kiajemi kaman, maana yake upinde. Tabaka la mwisho ni la Kizungu: sekunde, na baadaye betri. Baina ya matabaka hayo yapo maneno yetu wenyewe yaliyokopeshwa na mwili wa binadamu: uso, mkono, jino. Hakuna kitabu cha historia kinachoeleza kwa ufupi kiasi hicho ni nani alituletea saa, ni nani alitufundisha kuitengeneza, na ni nani aliyekuja mwisho kutuuzia betri.

Kuibadilisha saa ili ifuate desturi ya mvaaji si jambo la jana. Mwishoni mwa karne ya 18 fundi George Prior wa London alijulikana kwa saa alizozitengeneza kwa ajili ya soko la Waturuki, nyuso zake zikiwa na tarakimu zao. Katika dola hiyo siku ilianza jua linapotua, hivyo saa ilipaswa kurekebishwa kila magharibi ili isome kumi na mbili. Uturuki ilikuja kuiacha hesabu hiyo kwa sheria ya Desemba 1925. Nasi tunayo masalia ya fikra hiyo: wazee wa pwani wakisema usiku wa Ijumaa, huukusudia usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, ule ambao wengi leo wanauita Alhamisi usiku.

Huko Unguja, Sayyid Barghash alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, na mbele yake palikuwa na mnara wenye saa. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zikaipiga kasri ya Sayyid Khalid katika vita vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia. Vita vinavyokumbukwa duniani kwa dakika zake vikauharibu mnara wa saa. Katika ukarabati uliofuata mnara mpya uliunganishwa na jengo lenyewe, nao ndio uliokuja kujulikana na vizazi vilivyofuata. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jengo hilo iliporomoka na kuua watu, na tangu hapo swali la namna ya kulirejesha limekuwa swali la taifa zima. Kinachoulizwa juu ya jumba lile ndicho tunachokiuliza juu ya saa inayotosha kiganjani: je, unapokifufua kitu, unakirudisha kwenye umri upi?

Huku Katavi saa ilipita njia nyingine. Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, Wabelgiji walijenga ngome mwaka 1879, na mwaka 1885 ikakabidhiwa Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadri Weupe. Hapo kengele ndiyo iliyoigawa siku kwa sala, kazi na masomo. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914 bila kutugusa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, madini ya risasi ya Mpanda yakasababisha tawi lijengwe kutoka Kaliua, na kufikia mwaka 1950 garimoshi lilikuwa linafika hapa. Pamoja nalo ikaja saa ya stesheni na ratiba yake. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, ratiba ikabaki.

Lakini jua la Mpanda halikuisoma ratiba hiyo. Saa za Afrika Mashariki hufuata mstari wa longitudo 45, ulio mashariki mwa Tanzania yote. Mpanda ipo karibu na longitudo 31. Jua hutumia dakika 4 kuvuka kila digrii moja, kwa hiyo linachelewa kwetu kwa takriban dakika 56. Dar es Salaam, iliyo karibu na longitudo 39, hulitangulia jua letu kwa zaidi ya nusu saa. Matokeo yake ni kwamba saa kumi na mbili ya asubuhi, ambayo kwa hesabu ya Kiswahili ndiyo saa ya macheo, hutukuta gizani mwaka mzima. Jua letu huchomoza baina ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika chache. Mshairi wa Mpanda anayeandika kwamba jua la saa sita limesimama utosini anaandika jua la pwani; la kwetu husimama pale saa saba inapokaribia.

Hayo ndiyo yaliyotuletea mzozo wa kwanza mezani. Tulikuwa tumeifungua saa ya mkono ya Uswisi iliyokuwa mali ya karani wa reli, nayo imeletwa na mjukuu wake. Unyevu ulikuwa umeula uso wake, tarakimu tano hazisomeki. Ndani ya mfuniko tulikuta tarehe tatu zilizokwaruzwa kwa sindano, kila moja na herufi zake: alama za mafundi waliopata kuisafisha. Kijana akapendekeza tusirudishe uso wa zamani. Tuchore mpya, tarakimu 12 ikae chini mahali pa 6, 1 ikae mahali pa 7, na kadhalika, ili akrabu fupi ielekee kwenye saa ileile tunayoitamka.

"Mwalimu," aliniambia, "mtoto anaona 7, anaambiwa aseme saa moja. Kwa nini saa isiseme Kiswahili?"

Fundi hakuinua jicho kwenye kioo chake cha kukuzia. "Hiyo saa imesema Kiswahili miaka yote," alijibu. "Wewe ndiye unayetaka iseme Kizungu cha kusomwa moja kwa moja."

Nililitafakari jibu hilo kwa siku kadhaa. Saa zilizojaa madukani mwetu zilikuja na uso wa Ulaya. Babu zetu hawakukwangua tarakimu zake. Walizisoma kwa kuvuka upande wa pili wa duara, wakaona 7 na kutamka moja, wakaona 4 na kutamka kumi. Mturuki aliandikiwa uso wake. Mswahili aliugeuza uso wa mwenzake kwa ulimi tu, na akaufanya wake. Ugeuzaji huo hauonekani popote kwenye chuma, ndiyo maana ni rahisi kuufuta huku ukidhani unauenzi. Ukiuchora uso mpya, umempa mtoto wepesi wa kusoma, na umemnyang'anya ile hesabu ya haraka ambayo kila msemaji wa lugha hii huifanya bila kujua.

Hata hivyo, hoja ya kijana nayo ina uzito. Lugha inayokaa tu kwenye vyombo vya wengine, isithubutu kuandika chake, hudumaa. Tuliafikiana hivi: uso wa karani usiguswe kwa rangi wala msasa. Ulisafishwa vumbi, ukawekwa kwenye bahasha yenye jina la mwenyewe, ukakabidhiwa mjukuu pamoja na saa. Uso mpya wa Kiswahili ulichorwa kwenye bamba jingine linaloweza kuondolewa bila kuacha kovu. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964 kuhusu urejeshaji wa majengo ya kale unataka sehemu iliyoongezwa itambulike kuwa imeongezwa. Nasi tuliona busara hiyo inafaa hata kwa kitu chenye upana wa sarafu. Ndani ya mfuniko fundi akakwaruza tarehe ya nne.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ya uso ni maneno. Tarehe 25 Desemba 1969 kampuni ya Seiko iliingiza sokoni huko Tokyo saa ya mkononi ya kwanza ya kwazi. Saa nyingi za kale za kutia ufunguo hupiga mapigo 18,000 kwa saa, yaani 5 kila sekunde, na sikio huyasikia. Kipande cha kwazi hutetema mara 32,768 kwa sekunde na hakuna asikiaye. Uswisi ilikuwa na wafanyakazi wa saa wapatao 90,000 mwaka 1970. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 walibaki takriban theluthi moja. Hapa kwetu hakuna aliyewahesabu mafundi saa waliofunga meza zao. Kazi iliyobaki kwa wengi ni kubadilisha betri na kukata mkanda, na kazi hiyo haihitaji maneno zaidi ya betri na mkanda. Kamani isipoguswa, neno kamani nalo halitamkwi.

Hapo ndipo washairi wanapohitajika. Katika saa ipo gurudumu linalokwenda na kurudi, ambalo ndilo linalopima mapigo yote. Mafundi hulitaja kwa jina la Kiingereza lililokunjwa. Mimi naliita gurudumu la mizani. Mshairi anayehesabu mizani nane na nane katika mshororo ataelewa mara moja kazi yake: kuzuia nguvu ya kamani isimwagike yote kwa mkupuo, itoke kwa kipimo. Fundi alilikubali jina hilo, japo alisema ni refu kwa mtu aliyebana kioo jichoni.

Kila mji una mzee mmoja au wawili wa aina yake. Waulizeni sehemu za saa wanaziitaje, kabla ya kuwapendekezea majina yenu. Andikeni matamshi yao kama yalivyo, pamoja na mji na mwaka. Mjukuu wa karani alipokuja kuichukua saa, alizungusha kifundo, akaiweka sikioni, akauliza kama kila siku atapaswa kuichaji. Fundi akamwambia hapana, atapaswa kuitia ufunguo. Kijana akautazama mkono wake, akautafuta ufunguo, nami nikapata nafasi ya kumweleza.