Mwalimu wa Viti

Jioni ya leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya kiti. Huenda baadhi yenu mtacheka, mkisema, "Je, kiti kina habari gani ya kusimuliwa?" Lakini kila anayetusikiliza ameketi juu ya kitu fulani: kigoda, benchi, kitanda cha kamba au kiti cha uvivu. Na kama mgongo unamwuma, au miguu imemfa ganzi, kosa si la mgongo wala la miguu. Aghalabu kosa ni la yule aliyekitengeneza kiti bila kumfikiri atakayekikalia.

Sisi wenyewe tulifundishwa jambo hili na watoto. Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa tukifundisha katika shule moja ya kijijini, zilipatikana fedha za madawati mapya. Tukamwita seremala, tukamwambia idadi ya watoto na urefu wa chumba. Naye, kwa kuwa alikuwa fundi hodari, akatuletea madawati mazuri, yaliyopigwa randa hata yakawa laini kama kauri. Yote yalikuwa ya kimo kimoja. Siku ya kwanza tulifurahi. Baada ya siku chache tukaona watoto wa darasa la kwanza miguu yao inaning'inia hewani, na mabega yao yamepanda mpaka masikioni ili mikono ifike juu ya ubao wa kuandikia. Hati zao zikaharibika, na sisi tukawagombeza kwa hati mbovu! Hata siku moja mtoto mmoja akatuambia kwa adabu, "Mwalimu, dawati hili ni la baba." Tuliona haya. Seremala hakukosa, kwani alifanya kama alivyoagizwa. Waliokosa ni sisi, maana tulipima chumba, hatukumpima mtoto.

Kwa sababu hiyo tulipendezwa sana tuliposoma habari za mwalimu mmoja wa nchi ya Denmark, jina lake Kaare Klint, ambaye kazi yake yote ilikuwa kuwafundisha vijana kupima kabla ya kukata.

Denmark ni nchi ndogo iliyoko kaskazini ya Ulaya, na Klint alizaliwa huko mwaka 1888. Baba yake alikuwa mchora ramani za majengo, na ndiye aliyebuni kanisa kubwa la Grundtvig katika mji wa Copenhagen. Alipokufa mwaka 1930 kanisa lilikuwa halijaisha, na mwanawe akalimaliza mwaka 1940. Kaare mwenyewe alianza kwa kujifunza kupaka picha, kisha moyo wake ukavutwa na kazi ya vyombo vya nyumbani. Mwaka 1914, kabla hajafikisha umri wa miaka 30, alibuni kiti kwa ajili ya jumba la picha katika mji wa Faaborg, nacho kikasifiwa kwa wepesi wake. Miaka kumi baadaye, yaani mwaka 1924, akawekwa kufundisha ubunifu wa samani katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa cha Copenhagen.

Yafaa tukumbuke jinsi mambo yalivyokuwa siku zile. Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 ilikuwa imekwisha, na vijana wengi wa Ulaya walichoshwa na mambo ya wazee wao. Katika Ujerumani ilifunguliwa mwaka 1919 shule mashuhuri iitwayo Bauhaus, ambayo ilitaka kuanza mambo upya, na mmoja wa mafundi wake, Marcel Breuer, akatengeneza mwaka 1925 kiti cha mabomba ya chuma yaliyopindwa. Kazi yao ilikuwa na akili nyingi, nasi hatuidharau. Lakini Klint alishika njia nyingine. Aliona kwamba waliotutangulia walikaa juu ya viti kwa maelfu ya miaka, na si haki kudhani kwamba katika muda huo wote hawakuvumbua lolote lenye kufaa.

Basi aliwafundishaje vijana wake? Kwanza, hakuwaacha wakimbilie kubuni. Katika Copenhagen ilikuwako hospitali ya zamani, iliyojengwa katika karne ya 18, nayo ikageuzwa kuwa jumba la makumbusho ya kazi za sanaa na ufundi. Klint alikuwa mmoja wa waliolitengeneza jengo lile upya, na ndani yake vilikusanywa viti na makabati ya nchi na zamani mbalimbali. Humo wanafunzi walikwenda na vipimo vyao. Walipima kiti cha Kiingereza cha miaka 200 iliyopita, au kiti cha Uchina: kimo cha kikalio, upana wake, jinsi maegemeo yanavyolala nyuma, unene wa mguu, na ulimi wa mti unavyoingia katika tundu lake. Kisha walichora kila kipande karatasini.

Mtu aweza kuuliza, "Je, huku si kuwafundisha watu kuiga?" Hapana. Anayeiga hutazama nakshi ya nje, lakini anayepima huuliza sababu. Kwa nini mguu huu ni mnene juu na mwembamba chini? Kwa nini kiti hiki kimedumu miaka 200 na kile kimelegea? Klint mwenyewe alitoa mfano mwaka 1927, alipobuni kiti cha ngozi nyekundu kwa ajili ya jumba lile la makumbusho. Asili yake ilikuwa viti vya Kiingereza vya zamani, walakini aliondoa nakshi zote, akabakiza mifupa tu, yaani kile kinachombeba mtu.

Pili, aliwafundisha kupima mwili wa mwanadamu: toka wayo hata goti, toka nyonga hata bega, na mkono ukinyoshwa unafika wapi. Tatu, walipima vitu vya nyumbani. Kabla ya kuchora kabati, ilimpasa mtu kujua upana wa sahani, kimo cha bilauri, urefu wa kijiko, na shati likikunjwa linachukua nafasi gani. Kwa njia hiyo kabati halikuwa sanduku la kujaza ukuta. Lilikuwa nyumba ya sahani na mashati, na kila kitu kilikuwa na mahali pake.

Sasa sikilizeni habari inayotugusa sisi watu wa Afrika ya Mashariki. Mwishoni mwa karne ya 19 maafisa wa jeshi la Kiingereza katika Bara Hindi walikuwa na kiti chepesi cha kambini, kilichoitwa kwa jina la mji wa Roorkee. Kiti hicho kilikuwa cha vijiti na turubai, chaweza kufunguliwa na kufungwa mzigoni, na Wazungu wakakichukua mpaka porini kwetu. Mume na mke wa Kimarekani, Martin na Osa Johnson, ambao katika miaka ya 1920 walikaa Marsabit katika Kenya wakipiga picha za wanyama, waliandika vitabu vya safari zao. Katika kitabu chao kimoja Klint aliona picha ya kiti cha namna hiyo. Hakukidharau kwa kuwa ni cha kambini. Alikichunguza, akakisahihisha, na mwaka 1933 akatoa kiti chake alichokiita kwa neno letu wenyewe, Safari.

Kiti hiki hakina msumari wala gundi. Ncha za vijiti zimechongwa zikaingia katika matundu ya miguu, na mikanda ya ngozi huvishika vyote pamoja. Ukikikalia, uzito wako mwenyewe huvuta turubai na kukaza viungo. Tena sakafu ikiwa na mabonde, miguu hujisawazisha. Huo ndio ufundi uliozaliwa kwa kupima: kila kipande kina kazi, na hakuna cha kupunguza.

Lakini mwalimu hupimwa kwa wanafunzi wake. Miongoni mwao alikuwa Børge Mogensen, aliyezaliwa mwaka 1914. Mwaka 1934 alikwisha hitimu useremala, walakini hakuona haya kurudi kuwa mwanafunzi, na kuanzia mwaka 1938 akawa chini ya Klint. Mwaka 1942 aliwekwa mkuu wa ofisi ya kuchora samani katika umoja wa vyama vya ushirika vya Denmark. Wenye vyama hivyo walitaka vyombo vilivyo imara ambavyo mkulima na mfanyakazi wataweza kuvinunua. Mogensen akatazama viti vya jamaa ya Kikristo ya Marekani waitwao Shaker, watu waliopenda vyombo visivyo na pambo, na mwaka 1947 akatoa kiti cha mbao chenye kikalio cha kamba za karatasi zilizosukwa, karibu kama sisi tunavyosuka vitanda vyetu. Watu wakakiita kiti cha umma. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1950, yeye na mwenzake Grethe Meyer walihesabu na kupima tena vyombo na nguo za watu wa nyumbani ili wabuni makabati ya kuvihifadhi.

Wako mafundi wa Denmark walioshika njia nyingine. Finn Juhl, kwa mfano, alichonga viti vyake kama mchonga sanamu, navyo vilipendwa ulimwenguni. Hatusemi njia ni moja tu. Lakini Klint alipofariki mwaka 1954, elimu yake haikuzikwa naye. Mwanafunzi wake mwingine, Ole Wanscher, alishika nafasi yake ya kufundisha.

Nasi tulifanya nini na madawati yetu? Tulimwita seremala yule yule, tukamwomba radhi. Tukachukua kamba, tukapima kila mtoto toka sakafuni hata nyuma ya goti, tukawagawanya katika mafungu matatu. Seremala akachukua msumeno, akakata miguu ya madawati ya wadogo. Kazi ile ilikwisha kwa siku mbili. Juma lililofuata tulipita kati ya watoto wa darasa la kwanza, tukaona nyayo zao zote zimetulia sakafuni, na hapakuwa na haja ya kumgombeza mtu.

Ninyi mlio na seremala kijijini mwenu, mkimwagiza kiti cha bibi au meza ya mtoto, msimwambie urefu wa ukuta tu. Mpelekeeni na kipimo cha mwenye kukalia. Na wewe kijana unayejifunza kazi ya mbao, kiti cha zamani kikiwa bado kinasimama barazani kwa babu yako, usipite tu. Keti juu yake kwanza, kisha upige magoti ukitazame chini, uone fundi wake alikifungaje.

Kwa herini.