Neno «Usanifu» katika Michezo ya Video
Kazi ya kuufikiri mchezo wa video tangu haujawa kitu, na kuuwekea sheria zake, mwendo wake na tabia za viumbe vyake, vijana huiita dizaini ya gemu, wengine huiita ubunifu, na wako waiitao uchoraji kwa kuwa matokeo yake huonekana kwenye kioo; nami naona neno lililo aula kuliko hayo yote ni usanifu. Mwenye kubuni huzua jambo, na huenda kazi yake ikaishia kwenye wazo. Ama mwenye kusanifu, kwa maana tuliyoipokea kutoka Kiarabu, ambako neno hili huhusu kutunga kitabu na kuyapanga mambo kwa aina zake, hulitwaa wazo hilo akalitia katika mpango hata kila sehemu ikakaa inapostahili. Na mpango huo hukua ndani ya mipaka: mshairi aliyejifunga kwa mizani 16 katika kila mshororo aghalabu huongozwa na hesabu hiyo hadi kwenye neno ambalo asingalilifikia akiwa huru, na ndivyo walivyofanya kazi wasanifu wa mashine za sarafu za miaka ya 1970 na 1980, ambao kumbukumbu ya mashine zao ilikuwa finyu mno.

Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito, Japani, alitoa Space Invaders, mchezo wa kuwapiga wavamizi wa angani, mwaka 1978, baada ya kutengeneza mwenyewe maunzi, programu na picha. Mashine ile haikuweza kuwasogeza wavamizi 55 kwa kasi aliyoitaka, lakini kadiri walivyouawa mzigo wake ulipungua, na waliosalia wakazidi kwenda mbio. Mwingine angaliihesabu kuwa ni kasoro akaiondoa. Yeye aliiacha, na kasi ile ikawa ndiyo hofu na ladha ya mchezo. Kutambua lipi liachwe ni usanifu barabara, ijapokuwa hapo hapakubuniwa kitu.

Hata hivyo hoja yangu hudhihirika zaidi katika Pac-Man ya mwaka 1980, kwa sababu Toru Iwatani wa Namco hakuwa yeye aliyeandika programu. Kazi hiyo ilikuwa ya Shigeo Funaki. Kumbi za michezo za Japani zilijaa wanaume na michezo ya kuua, naye akitaka wanawake na wachumba waingie pia, akachagua kula kuwa ndilo tendo la mchezo, akatandaza vitone 240 katika mzingile. Kisha akaja kwenye vizuka vinavyomwinda mchezaji, na hapa ndipo ninapomstahi sana. Lau vyote vinne vingalimfuata mchezaji kwa njia moja, vingaliandamana nyuma yake mfululizo, na mchezo ungalichosha upesi. Basi kila kimoja kikapewa hulka yake. Chekundu humwandama moja kwa moja. Cha waridi hulenga vigae vinne mbele ya uso wake ili kimkate njia. Cha samawati hupima alipo yeye pamoja na alipo chekundu, kwa hiyo ni vigumu kukibashiri. Na cha rangi ya machungwa humwendea kutoka mbali, lakini kikifika karibu ya vigae vinane hughairi, kikaelekea pembe yake. Tena mara kwa mara vyote humwacha vikatawanyika pembeni, kwa kuwa Iwatani alijua ya kwamba mtu asiyepewa nafasi ya kuvuta pumzi huvunjika moyo.

Hulka hizo hazimo katika picha, wala anayeiita kazi hii uchoraji hawezi kuzieleza. Sisemi kwamba picha haimo: Shigeru Miyamoto, msanifu wa Donkey Kong ya mwaka 1981, alipomchora Mario, shujaa wa mchezo huo, alimvika kofia ili asihangaike na nywele, akampa masharubu kwa kuwa kinywa kisingalionekana kwa nukta chache zile.

Wako watakaosema kwamba msanifu ni wa majengo. Lakini tumekwisha kuwa na wasanifu wa kurasa na wa mavazi, wala lugha haikudhurika. Basi katika orodha zetu za istilahi na aandikwe msanifu wa mchezo, mbali na mwandishi wa programu na mchoraji. Na yule aliyezibeba kazi zote tatu peke yake, kama Nishikado, atajwe kwa majina yote matatu.