Siri ya rangi katika ganda la zabibu

Ukimenya zabibu nyeusi utagundua jambo moja: katika aina nyingi za tunda hilo, nyama ya ndani haina rangi. Weusi wote umo katika ganda. Je, rangi hiyo hutengenezwa na nini, na kwa nini zabibu nyeupe inaikosa?

Safari ya kulijibu swali hilo yatupeleka Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, mwaka 1903. Mwaka huo Muriel Wheldale, mzaliwa wa Birmingham, alianza kufanya kazi na William Bateson, mwanasayansi aliyekuwa akichunguza jinsi sifa za viumbe zinavyorithiwa. Wheldale alifaulu mitihani yake ya sayansi kwa daraja la kwanza, lakini hakutunukiwa shahada. Cambridge haikuwapa wanawake shahada kamili hadi mwaka 1948.

Bibi huyo alipanda vizazi kwa vizazi vya Antirrhinum, ua la bustani lenye rangi nyingi, na mwaka 1907 akachapisha maelezo ya namna rangi hizo zinavyorithiwa. Hata hivyo hakuridhika na kuhesabu maua. Alitaka kujua kile kinachorithiwa hufanya kazi gani ndani ya mmea.

Jibu lake lilikuwa vimeng'enya, ambavyo leo twajua kuwa ni protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali mwilini mwa viumbe. Kwa maoni yake, malighafi ya rangi hukaa imefungamana na sukari. Kimeng'enya kimoja huitenga na sukari hiyo, kisha kingine huigeuza kuwa rangi.

Muda si mrefu, Mjerumani Richard Willstätter, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1915 kwa utafiti wake wa rangi za mimea, alionyesha kwamba rangi hizo, ziitwazo anthosianini, zenyewe zina sukari ndani yake. Wheldale alikuwa amekosea kuhusu sukari. Lakini wazo la kwamba urithi hutenda kazi kupitia vimeng'enya lilikuwa sahihi, naye alilitoa miongo kadhaa kabla halijakubaliwa na wengi.

Mwaka 1916 alichapisha kitabu kizima kuhusu anthosianini. Baadaye alichunguza vimeng'enya vinavyoyafanya matunda yaliyokatwa yageuke rangi ya kahawia. Mwaka 1926, akijulikana sasa kwa jina la mumewe, Onslow, alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kuteuliwa wahadhiri wa Cambridge. Alifariki dunia mwaka 1932, akiwa na umri wa miaka 52.

Zabibu yenyewe ilingoja zaidi ya miaka 60 baada ya kifo chake. Mwaka 1996, watafiti nchini Australia walilinganisha maganda ya zabibu nyekundu na nyeupe. Waligundua kwamba jeni ya kimeng'enya cha hatua ya mwisho, kinachoipachika sukari kwenye rangi ili idumu, ilifanya kazi katika maganda mekundu, na katika meupe ilikuwa kimya.

Mwaka 2004, wanasayansi wa Japani walieleza sababu ya ukimya huo. Kipande cha DNA chenye uwezo wa kujinakili na kuhamia mahali pengine kilikuwa kimejipachika katika jeni nyingine, ile inayokiamrisha kimeng'enya kianze kazi. Mwaka 2007 ikabainika kwamba jeni ya pili, jirani ya hiyo, nayo imeharibika. Kumbe zabibu nyeupe haikupoteza kimeng'enya. Imepoteza sauti ya kukiita.

Hivyo basi, mkulima wa Dodoma anayechuma zabibu nyekundu huku na nyeupe kule, ameshika mkononi jibu la swali la Wheldale. Sukari na kimeng'enya alivyovitaja vimo humo, ingawa kazi yake ni kinyume na alivyodhani: sukari haiondolewi ili rangi ipatikane, bali huongezwa ili rangi isipotee.